Sikuwahi Kuhubiri

Mlango wa chumba cha kufulia ulifungwa nyuma yangu, na yule mwanamke wa serikali akaniuliza nafanya kazi saa ngapi kwa wiki. Kwenye kioo cha mlango niliona bega la Mchungaji Rudd, amesimama palepale ukumbini.

Ni miaka ishirini sasa. Kanisa letu, huku Mississippi, lilikuwa na nyumba ya kutunzia wazee. Nilifua mashuka pale kuanzia alfajiri mpaka giza, na mama yangu alilazwa chumba cha nne kwa hisani ya kanisa. Siku iliposikika kwamba mkaguzi wa kazi wa serikali anakuja, Mchungaji alitusainisha sisi wafanyakazi karatasi kwamba sote ni wahudumu wa Injili. Kisha akaniinamia sikioni.

"Dada Verlene, sheria ya Washington haivuki kizingiti cha Mungu. Ukiropoka, mama yako utampeleka wapi?"

Nikarudi kwenye mashuka yangu.

Sasa, mle chumba cha kufulia, mkaguzi, Bi. Hanratty, alikuwa ameishika karatasi ile.

"Inasema wewe ni mhudumu. Umewahi kuhubiri?"

"Mimi, mama? Hata sala ya chakula naibabaisha."

Hakucheka. "Anayehubiri, sheria ya mishahara haimgusi. Wewe unafua. Na nyumba za kutunzia wagonjwa na wazee sheria imezitaja waziwazi, ziwe za kanisa, ziwe za nani. Saa ngapi?"

Akilini nilimwona mama yangu akisukumwa nje kwenye kiti chake cha magurudumu, mvuani. Nikalitazama lile bega. Halikusogea.

"Sabini," nikasema, kwa sauti nisiyoijua. "Na zinazozidi arobaini sijalipwa hata moja."

Nilipotoka, Mchungaji hakuwepo ukumbini. Nilikimbilia chumba cha nne. Kitanda kitupu. Nikapiga ukelele, na muuguzi akachungulia kutoka bafuni, kamshika mama mkono, nywele za mama zinachuruzika maji.

"We Verlene, una wazimu? Mtu kaoga tu!"

Hakuna aliyemtoa mama pale. Serikali iliamuru, kanisa likanilipa saa zangu. Jumapili iliyofuata hakuna aliyenipa mkono ibadani.

Siku ya kwanza ya zamu mpya iliyofupishwa nilitoka saa tisa alasiri, jua likiwaka. Nikaingia garini, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikakaa hivyo kwa muda mrefu, nikingoja mtu atoke aniite ndani.