Ghorofa ya Saba, Kobe

Kaka yangu Mrisho alikuja Jumapili mchana na bahasha ya karatasi. Anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, na kila mwaka huenda Japani kuchagua injini. Safari hii alikuwa amechagua nyumba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Njoo uone mali."

Kwenye video ya simu yake mtu alivua viatu, akapita jikoni, akaingia chumba kimoja chembamba. Ilikuwa ghorofa ya saba, mjini Kobe, jengo la miaka arobaini na sita. Karibu na dirisha alikaa bibi mmoja, mikono magotini, amegeuza uso asionekane.

"Huyu nani?"

"Mpangaji. Tunanunua naye humohumo. Kodi inaingia tangu mwezi wa kwanza."

"Ana watoto?"

"Waridi! Nitajuaje?"

Ili anunue, ilibidi tuuze nyumba aliyotuachia mama hapa Kariakoo. Kwa mirathi yeye ana mafungu mawili, mimi moja, lakini mnunuzi alitaka saini zetu sote. Mimi ningepangiwa chumba Mbagala, na fungu langu lingekaa Kobe pamoja na yake.

Majirani niliokua nao waliuza wakahama mmoja mmoja. Mlango wa pili sasa ni stoo ya mapazia, wa tatu stoo ya vyombo. Jioni biashara zikifungwa, mtaani tunabaki mimi na walinzi. Lakini niliacha shule darasa la tano nimuuguze mama, na alinifia mikononi humu ndani. Sijui kuishi kwingine.

"Kaka, hilo jengo si kuukuu?"

"Ndiyo maana rahisi! Hata hii yetu kuukuu, paa linavuja, na bei umeisikia."

"Hii yetu hawanunui kuta. Wananunua kiwanja, wabomoe." Nilikuwa natazama mkeka. "Huko juu ghorofa ya saba, kiwanja chako kiko wapi?"

"Eti mwanasheria! Darasa la tano lenyewe hukumaliza."

Akacheka kidogo, kisha akampigia kwa spika dalali wake, Khalfani, mtoto wa Ilala anayeishi Japani.

"Oya, kiwanja kikoje?"

"Mnachangia, bosi. Nyumba mia na kumi."

"Nikitaka kubomoa?"

"Ubomoe nini, mzee? Mpaka karibu wote wakubali. Halafu kila mwezi unatoa mchango wa matengenezo. Jengo likizeeka, mchango unapanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Mrisho alikata simu. Alikaa akijipangusa shingo. Nilidhani amekwisha, kumbe anatafuta peni.

"Kodi bado ipo," alisema. "Tutakula kodi. Weka saini hapa."

"Siweki, kaka."

"Unasemaje?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo, kweli hakusikia. Ilinibidi niseme mara ya pili, na mara ya pili ndiyo ilikuwa ngumu.

"Siweki saini."

Akakusanya karatasi. Chai niliyomwekea hakuigusa. "Sina ndugu mwingine, Waridi, na wewe unanifanyia hivi. Haya, kaa na kuta zako."

Mimi pia sina ndugu mwingine. Hilo sikulisema mpaka ameshatoka.

Nilimpigia wiki nzima, hakupokea. Idd ilipofika nilipika pilau ya watu wanne, maana kila Idd huja na mkewe Zamzam na mtoto wao. Nilitandika mkeka mpya, nikasubiri mpaka alasiri. Baadaye nikajaza hotipoti, nikaifunga kwa kitambaa, nikampa bodaboda aipeleke kwao.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikosa cha kutia, utatia hata sukari kidogo.

Hotipoti ilirudi siku ya tatu, imefungwa kwa kitambaa kilekile. Ilikuwa imeoshwa vizuri, inang'aa. Nilifunua, nikatazama, kisha nikapitisha mkono ndani taratibu, mpaka chini kabisa. Mkono ulitoka mkavu.