Siku Mama Redio Aliponyamaza

Mtaa mzima unamwita mama yangu Mama Redio, na hawamsingizii. Anauza vitambaa sokoni, na mpita njia aliye upande wa pili wa barabara husikia bei hata kama hakuuliza. Mdomo wake hauna breki. Sisi watoto tumerithi. Nyumbani kwetu hakuna siri, kwa sababu hakuna anayejua kunong'ona.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka nafika kwenye mada ya matetemeko makubwa ya ardhi. Kitabu kimeyapanga vizuri: mwaka, mahali, ukubwa, idadi ya waliokufa. Wanafunzi wanakariri maelfu na malaki kama wanavyokariri majina ya mito. Ninachowaongezea mimi hakimo kitabuni. Nawaambia kwamba mji wetu ulipoanguka zamani, bibi zetu walilia juu ya vifusi usiku na mchana, kwa sauti zao zote, na chini ya vilio vile kulikuwa na watu hai wakigonga. Hakuna aliyewasikia. Walipokuja kufukuliwa, wengine walikutwa bado wameshika mawe waliyokuwa wakigongea.

Ndiyo maana mji wetu una desturi ya filimbi. Zimamoto wakipuliza filimbi juu ya kifusi, kila kitu kinazimwa: injini, jenereta, simu na mdomo. Tunafanya mazoezi kila mwaka, na kila mwaka anayekemewa ni Mama.

"Mimi sikusema kitu," hujitetea. "Niliuliza tu kama tumeshaanza kunyamaza."

Safari hii ardhi ilitikisika asubuhi, watu wakiwa kazini. Ghorofa la kona liliporomoka lote. Chini kabisa kulikuwa na karakana ya ushonaji, na humo alikuwemo mdogo wangu, fundi cherehani. Wenzake waliwahi kutoka, isipokuwa yeye na mkataji wa vitambaa, kijana mpole, mtoto wa pekee wa jirani yetu. Jirani huyo na Mama zao zilikuwa haziivi. Waligombania bomba la maji la uani miaka mingi iliyopita, na tangu hapo salamu ilikuwa ya kugeuziana mgongo.

Nilifika mbio kutoka shuleni, chaki bado mikononi. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya kifusi, ameuma ncha ya mtandio wake. Msimamizi wa zimamoto, mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuwa ameinama mbele yake.

"Mama, sikufichi," alimwambia. "Zege lile hatuwezi kulivunja popote tu. Tukikosea sehemu, litawaangukia waliomo. Lazima tusikie kwanza wako wapi. Usilie. Ukilia wewe, wote watalia."

"Nitanyamaza," Mama akasema.

Watu waliosimama karibu wakatazamana.

Filimbi ikalia. Jenereta likazimwa, tingatinga likazimwa, barabara nzima ikatulia mpaka nikasikia mchanga ukichuruzika kati ya mawe. Nilimtazama Mama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na nilikijua kilio kilichokuwa humo, maana sauti ile nimeisikia maisha yangu yote. Akajikaza kisabuni. Hakikutoka hata kidogo.

Halafu tukasikia. Ko, ko, ko. Chuma juu ya chuma, mbali, chini.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mtu alipaza sauti kwamba wako hai, na mtaa wote ukalipuka. Madereva walipiga honi, wanawake walipiga vigelegele, watu wasiojuana walikumbatiana. Nami nilikuwemo, na sauti yangu si ndogo. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo, habari njema haikai mdomoni. Msimamizi alikuwa amelala kifudifudi juu ya zege, sikio chini, na tulipokuja kunyamaza, mlio wa kugonga haukuwepo tena.

Akainuka taratibu, akajipangusa vumbi.

"Kuna mtu hai," akasema. "Lakini sikuwahi kujua yuko upande gani."

Hakugomba. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Akapuliza tena. Tukasubiri. Kimya. Watu wakaanza kusogeza miguu na kukohoa, na nyuma kule mtu akaanza kuuliza kulikoni.

Mama akasimama. Akapanda kwenye ngazi ya gari la zimamoto, mahali ambapo kila mtu angemwona, nasi tukajua sasa Redio inafunguliwa. Hakusema neno. Aliweka kiganja chake mdomoni, akaanza kututazama mmoja baada ya mwingine: muuza juisi, madereva, wanafunzi wangu na sare zao, mimi mwanawe. Aliyetazamwa aliweka mkono wake mdomoni. Hakuna aliyethubutu kufanya vingine. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alimnyonyesha palepale. Kimya kilichoingia pale sijawahi kukisikia kwenye zoezi lolote.

Kikakaa. Ardhi ikatikisika tena kidogo, mawe yakabiringika mpaka kwenye miguu yetu, na hakuna aliyepiga ukelele. Machozi ya Mama yalikuwa yanapita juu ya vidole vyake. Mkono haukuondoka.

Ko.

Hakuna aliyepumua. Msimamizi alitambaa upande wa kulia, akaweka sikio, akasogea tena. Ko. Akatoa chaki mfukoni, akachora duara juu ya zege, akainua kidole gumba. Mtaa mzima ulikuwa unalia, na hukusikia kitu.

Baadaye mdogo wangu alinieleza kwamba aliposikia vigelegele alijua tumeshamwona, akaacha kugonga ili apumzike. Kilichomzindua ni kimya. Aliona kimezidi, akaogopa tumeondoka.

Walimtoa mchana, juu ya machela, mweupe kwa vumbi, mguu umevunjika, macho yamefunguka. Niliona vifua vyote vikijaa pumzi kwa ajili ya kelele moja kubwa. Mama naye aliona. Akainua mkono juu, na kelele ile ikamezwa. Kwa sababu pale pembeni, peke yake, alikuwa amesimama jirani yetu, naye bado hajamsikia mwanawe.

Mama aliinama, akambusu mdogo wangu kwenye paji la uso, kisha akanivuta sikio karibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akinong'ona.

"Nenda naye hospitali. Mimi nabaki."

"Mama, huyu ni mwanao."

"Mwanangu nimeshamwona. Mwenzangu bado. Wamenyamaza kwa ajili yangu, sasa nami ninyamaze kwa ajili yake."

Akaenda akasimama ubavuni mwa jirani, akamshika mkono. Jirani hakuutoa. Filimbi ikalia.

Ndani ya gari la wagonjwa mdogo wangu alifumbua midomo iliyopasuka.

"Dada, Mama yuko wapi?"

"Yuko na jirani. Wamenyamaza."

"Mama amenyamaza?"

"Tangu asubuhi."

Alinitazama aone kama namtania, halafu akaanza kulia, nami nikamshika mkono. Nimewahi kujivunia mambo mengi, shahada yangu, wanafunzi wangu waliofaulu, lakini si kama nilivyojivunia kuwa mtoto wa mwanamke yule.

Kijana hakujibu. Walimsikiliza mchana kutwa, filimbi baada ya filimbi, na Mama hakuondoka wala hakukaa chini. Walimpata kesho yake. Kitabu kitakapoandikwa upya, ataingia kwenye ile safu ya idadi, pamoja na wengine wote wa siku ile.

Msibani ndugu waliotoka mbali walikuwa wanauliza, kama watu wanavyouliza, iwapo kijana alikufa akiita na asisikiwe. Jirani alikuwa ameketi mkekani, bega kwa bega na Mama. Akainua uso na kuwajibu mwenyewe.

"Mwanangu hakuita," akasema. "Angeita tungemsikia. Mtaa mzima ulikuwa unamsikiliza."