Waliomsahau Mwana wa Mfalme

Mukhwana alikuwa bingwa wa kubishania mambo ambayo hayajawahi kutokea. Duka lake la michezo ya video pale Kanduyi, hatua chache kutoka uwanjani, lilikuwa na televisheni nne na viti vya plastiki, lakini sifa zake zilitoka kwenye simu. Kila Jumamosi alijirekodi akifafanua siri za mchezo mmoja uitwao Velmora, na watu elfu kadhaa walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mhubiri. Sauti yake ndiyo iliyowanasa. Alikuwa na mazoea ya kuvuta neno la mwisho, kisha kunyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza mwangwi wake.

Ubishi mkubwa ulikuwa huu. Katika Velmora, Malkia Oruthe anagonga kengele na dunia nzima inabadilika. Daven, mwana wa mfalme, anafutwa katika kumbukumbu za watu. Picha zake zinatoweka ukutani, jina lake halitajwi tena. Katika sura ya tatu Daven anarudi kwao, na dada yake wa toka nitoke anampa maji kama anavyompa mpita njia yeyote. Mukhwana alishikilia kwamba uchawi ule ni kamili. Yule dada hana kosa, alisema. Hata ungempasua kichwa usingemkuta Daven humo.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Gladwell Wamboi, mwanamke wa makamo aliyeuza chaja na vioo vya simu mjini Kitale, ambako babu yake alihamia kutoka Nyeri kutafuta shamba. Gladwell hakuwa na adabu ya kukubali kushindwa.

"Uchawi gani, bana?" alisema kwenye video yake. "Tazama huyo dada akimwaga maji. Mkono inatetemeka. Nani atakaa kwa kompyuta siku mbili akitengeneza mkono itetemeke bure? Walimkumbuka wote. Walikuwa washagawana mashamba yake, sasa akirudi wataiweka wapi? Hiyo kengele ni kisingizio tu."

Mukhwana aliicheka video ile mbele ya wateja, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Alitoa video tatu za kumjibu, kila moja kali kuliko iliyotangulia, na katika ya mwisho alimwita mtu mwenye roho mbaya. Wasikilizaji wake walishangaa. Mtu mzima kukasirikia katuni hivyo, alikuwa na lake jambo.

Jumanne moja mchana Gladwell akampigia simu.

"Niaje, Mukhwana. Leo sijaleta mambo ya Velmora," alisema. "Kuna mzee hapa anabebanga magunia ya mahindi kwa stoo ya jirani. Jana nimeweka video yako kwa spika. Huyo mzee akasimama kwa mlango na gunia mgongoni, hata hataki kuiweka chini. Ati hiyo sauti ni ya ndugu yake. Anaitwa Wangila."

Mukhwana alitafuta kiti.

Wangila alikuwa ndugu yake mkubwa. Mwaka wa 2012 aliondoka na malori ya kwenda Juba, akiwa msaidizi wa dereva. Mwaka uliofuata vita vikalipuka huko na simu yake ikazima. Walingoja miaka mitatu. Hatimaye wazee wakasema roho isiyo na kaburi itawasumbua watoto, basi ukakatwa mgomba, ukaviringishwa katika blanketi la Wangila, ukatiwa jeneza na kuzikwa kando ya nyumba yake kule Naitiri, kama ifanyikavyo kwao mtu asipopatikana. Mukhwana ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Alilia, na machozi yale hayakuwa ya uongo.

Ila asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka uliofuata alimrithi Nelima, mke wa Wangila, na wazee wakabariki. Akalirithi na shamba. Sasa Nelima alikuwa amemzalia watoto wawili, na kipande cha shamba kilikuwa kimeuzwa na kugeuka televisheni nne. Mama yao tu, Rispah, ndiye aliyekataa kuukubali mgomba. Mukhwana alimleta Kanduyi kukaa naye macho yalipoanza kumpotea, na kila jioni alimsikia akiomba: alimtaja Wangila pamoja na wasafiri, wala hakumtaja hata siku moja pamoja na marehemu.

"Kama ni yeye, si angekuja nyumbani?" Mukhwana aliuliza, na sauti yake ile maarufu ilikuwa imekauka.

"Amesema hawezi. Kumbe mlimzika! Dereva mmoja alimwambia hivyo akitoka huko Juba. Ati mtu mwenye amezikwa hawezi kujiingilia kwa lango, atawaletea kifo. Mpaka mtu wa damu yake akuje amshike mkono ampeleke, ndio wazee wachinje kondoo wamsafishe. Miaka miwili ako hapa Kitale akiogopa kutuma mtu. Mimi mambo yenu siijui, lakini si ukuje tu umshike huo mkono?"

Alikwenda Alhamisi. Nelima aliambiwa bwana anakwenda kununua vifaa vya duka. Njia nzima Mukhwana alipigana na moyo wake, na tusimwonee, moyo ulijitahidi. Alimkumbuka Wangila akimvusha mto mabegani, akimpa mguu wa kuku ambao kwa haki ulikuwa wake mkubwa. Alipofika Kiminini, karibu na Kitale, alikuwa amekata shauri. Atamshika mkono. Nelima ataelewa, shamba litagawanywa upya, na watu wa Naitiri watasema mpaka wachoke.

Gladwell alikuwa amempikia chai, akamkalisha nyuma ya duka lake, penye jua. Wangila aliingia akipangusa vumbi la mahindi usoni. Alikuwa amezeeka kupita kiasi, bega moja limeshuka, lakini alisimama kwa ule mtindo wake wa zamani, mguu mmoja juu ya mwingine, na Mukhwana alimjua kabla hajatamka neno. Furaha ilimpanda. Karibu aliite jina lake.

Kisha akawaza usiku wa leo. Nelima atalala nyumba gani? Wale watoto wawili watamwita nani baba? Na shamba, atamwambiaje mwenye shamba kwamba liko dukani kwa wacheza michezo? Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa kitu maishani, na woga ule ukamfungua mdomo kabla ya akili.

"Huyu simjui," alisema.

"Angaria vizuri," Wangila alisema polepole, kwa matamshi ya kwao. "Ni mimi."

"Nimeangalia. Simjui."

Kikombe alikuwa amekikamata kwa mikono miwili. Gladwell hakuwa akiutazama uso wake, alikuwa akikitazama kile kikombe, na chai ilikuwa imemwagika kidogo kwenye suruali. Wangila naye alimtazama nduguye kwa muda mrefu, toka viatu vizuri hadi pete ya ndoa, na mtu angeweza kuona anavyoelewa, jambo moja baada ya jingine.

"Dada, pole, nimekusumbua," alimwambia Gladwell. "Nimekosea. Sauti za watu zinafanana." Aligeuka kuondoka, kisha akarudi. Alimwuliza Mukhwana kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni. "Rakini nimesikia unatoka Naitiri. Kuna mama mmoja huko, Rispah, alikuwa anauza unga pare sokoni. Bado yuko?"

Hapo Mukhwana angeweza bado kujiokoa. Neno moja tu lingetosha. Lakini alimjua ndugu yake. Kama mama yuko hai, Wangila atavumilia mwezi, atavumilia mwaka, na siku moja atasimama barabarani penye lango amwone japo kwa mbali.

"Huyo alikufa," alisema. "Mwaka juzi."

Wangila aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Alizikwa vizuri?"

"Vizuri."

"Asante kuniambia. Mungu akubariki."

Akatoka. Nje kulikuwa na gunia lake likimngoja. Alilishika masikio, akajaribu kuliinua mara mbili, likamshinda, akaketi juu yake katikati ya watu waliokuwa wakipita na mikokoteni. Mukhwana alipita upande wa pili wa barabara. Alijiambia kwamba hata hivyo wengi wameokolewa, na mwenyewe hakuamini.

Jumapili baada ya kanisa alikaa uani na mama yake, aliyekuwa akichambua maharage kwa vidole. Siku hizi macho yake yaliona mwanga na maumbo, uso wa mtu mpaka ausogeze puani. Simu ikalia. Gladwell alikuwa ametuma picha na maneno machache: *Huyu mzee tangu Alhamisi hakuli, haongei. Leo amenyoa. Ulimwambia nini?*

"Ni nani huyo?" Rispah aliuliza. "Rete nione."

"Ni mtu tu, Mayi."

"Rete."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, na Mukhwana hakuwahi kumnyima mama yake kitu. Rispah aliichukua simu, akaileta karibu kabisa na jicho lake lenye nafuu. Alikaa nayo.

"Kichwa chake kinang'aa," alisema mwishowe. "Amenyorewa. Huyu amefiwa, papa, mwanangu." Kwao, siku ya tatu wafiwa hunyolewa nywele zote, na hakuna mama wa rika lake asiyekijua kichwa cha mfiwa.

"Ndiyo, Mayi. Amefiwa."

"Arifiwa na nani?"

"Mama yake."

Rispah alitikisa kichwa. Alipitisha kidole gumba juu ya ile picha, taratibu, kwenye shavu.

"Masikini. Na anakaa peke yake hivyo, hana hata mtu wa kwao wa kumshika? Tutamwombea jioni." Alimrudishia simu. "Anaitwa nani?"

Mukhwana akamwambia hamjui.