Pepo Aliyetaka Tembo

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, Mwanamvua wa Zinga alikuwa na mwana mmoja, Sharifu, kijana wa miaka kumi na sita aliyeamka akitetemeka mpaka apate tembo. Majirani walisema ni ulevi. Mwanamvua hakutaka hata kulisikia neno hilo. Kwao walikuwa watu wa msikitini.

Alianza kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, kwa zafarani. Sharifu alilinywa kwa adabu zote, na adhuhuri akalisindikiza kwa tembo. Wakaenda hospitali mjini Bagamoyo. Dresa, msaidizi wa daktari, akasema dawa ya kiu ile hana, labda mama amfungie ndani. Amfungie vipi kijana aliyekwisha kumpita kimo?

Ndipo akaelekezwa kwa Bi Ashura wa Fukayosi, fundi wa kupunga pepo. Mwanamvua alifurahi kweli. Pepo huulizwa anataka nini, akapewa, akatulia.

Ngoma ikapigwa, uvumba ukafukizwa, Sharifu akatikisika, na sauti nzito ikamtoka, ikasema imetoka bara. Fundi akamuuliza pepo haja yake. Akajibu kwamba anataka tembo, asubuhi na jioni, tena la Mbaruku, kwa kuwa la wengine lina maji. Pepo wa kutoka bara huyo, lakini wagema wa Zinga anawajua mmoja mmoja! Watu wakatazamana. Mwanamvua hakumtazama mtu. Alijua ada: pepo akinyimwa alichotaja, humuua kiti wake, mtu aliyempanda kichwani.

Basi mama yule, ambaye sala haikumpita, akawa ndiye anayekwenda na kibuyu kwa Mbaruku na kummiminia mwanawe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbaruku alisifiwa na pepo mzima, na wala hakulitia. Sharifu akakonda, macho yakawa ya manjano, chakula kikamshinda.

Asubuhi moja alishindwa hata kukishika kikombe. Mama akataka kumnywesha. Akageuza uso.

"Hakuna pepo, mama. Siku ile nilisema mimi."

Mwanamvua akakaa chini. Alikasirika, akaona haya, lakini zaidi aliogopa, maana pepo angalau hufukuzwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulifurahi sana."

Sharifu akamwomba ampeleke Kiwangwa kwa mjomba wake Mwinyimvua, huko kwenye mihogo na mikorosho, ambako mnazi wa kugema hauko karibu na mjomba hana mzaha na walevi.

Alipopata nguvu kidogo wakatoka. Njia ilipita kwa Mbaruku, na wanywaji walikuwa wamekwisha kukaa. Sharifu akasita.

"Nishike, mama."

Akamshika mkono, kijana mzima, mbele ya watu. Mbaruku akawaamkia, akauliza safari ya wapi na pepo hajapata chake.

"Mwanangu ni mlevi," Mwanamvua akasema, na wote wakamsikia. "Nampeleka akapone."