Miji ya Zaina

Usingizi unamnyakua Mzee Shekiondo saa nane mchana, juu ya kiti cha plastiki, mgongo kauegemeza kwenye friza namba nne, friza lenye ubongo wa marehemu mkewe, Zaina. Umeme umekatika tangu adhuhuri. Jenereta halijawaka na haliwezi kuwaka, dizeli yake inazurura mjini ndani ya gari la mkurugenzi, kila mtu anajua na kila mtu kanyamaza, maana mwenye nguvu mpishe. Kengele ya friza ilianza kulia kama kifaranga kilichokanyagwa, na nani kaja? Mwezi huu imelia mara tano, wakubwa wako kwenye semina, hakuja hata mbu. Basi Shekiondo kaibandua kifuniko pale ukutani, katoa betri zake mbili, kazitia kwenye redio yake, na sasa redio inasoma matangazo ya vifo na kope zake zinashuka. Zaina alianza kwa kusahau chumvi. Akasahau njia ya kisimani, akamsahau mumewe, mwisho mikono yake ikacheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga, hadi akafa. Kijijini wakasema karogwa. Daktari Nsia peke yake, binti mdogo wa hapa kituo cha utafiti, ndiye aliyekaa na Shekiondo mkekani akamwambia, Mzee wangu, ubongo ni mji. Kila nyumba ina kitabu kilekile, lakini kila nyumba inasoma kurasa zake tu. Wajumbe wananakili ukurasa, wanaupeleka jikoni ukapikwe. Ugonjwa huu unafunga kurasa za kusomwa na kufungua za kufungwa. Tukimgandisha mama kwenye barafu, wajumbe watasimama pale walipo, tutazisoma barua zao, tuwasaidie wanaofuata. Anayefuata ni Mwanaidi, binti yao wa pekee, ambaye wiki hizi mbili anaangusha vikombe na kucheka kwa aibu. Shekiondo akatia dole gumba kwenye karatasi ya idhini, kisha akaomba kazi ya ulinzi, amlinde mkewe mwenyewe.

Ubavu wa friza unalegea mgongoni kwake kama mlango ambao mtu kasahau kuukomea, naye anaangukia ndani, anaanguka na kiti chake, anaanguka na rungu lake, na anapotua yuko barabarani, barabara nyeupe ya barafu isiyo na mwisho, nyumba huku na huku, na kila nyumba ina nyingine ya kichwachini chini yake, ndani ya barafu, kama kwenye kioo. Barabarani wamesimama watu maelfu, mguu mmoja juu, barua kwapani, midomo wazi, wameganda. Shekiondo anawajua bila kuambiwa. Ni wajumbe wa Zaina. Anamsogelea mmoja, anaisoma barua kwapani, na yeye kusoma kwenyewe ni kwa kubabaisha, lakini hii inasomeka, inasema Shekiondo anapenda chai ya tangawizi. Anataka kulia. Kutoka kila dirisha redio inasoma matangazo ya vifo, na mbele yake kasimama mtu mrefu mwenye kanzu, na pale penye uso pana ngozi tupu, laini kama ganda la yai.

Kitendawili, anasema yule asiye na uso.

Tega, anajibu Shekiondo, maana tangu utotoni mtu akisema kitendawili unajibu tega, ulimi hauombi ruhusa.

Kitabu changu kimoja, nyumba zangu elfu elfu, kila nyumba yasoma yake, hakuna isomayo chote.

Wakubwa, anasema Shekiondo. Wanagawana nchi, kila mmoja na kipande chake.

Siyo. Nipe mji.

Mji gani nikupe, bwana, mimi mlinzi tu?

Nipe mji, desturi ni desturi, ukishindwa unatoa mji.

Haya, nakupa Mombo.

Mtu wa kanzu anaguna kwa raha, anasema nilikwenda Mombo nikala nikashiba, na barabara yote inageuka kuwa Mombo, Mombo ya zamani, Zaina msichana ana beseni la matunda damu, yale mekundu ya milimani, kichwani anakimbizana na mabasi, na barafu inaanza kutoa jasho. Tone. Tone. Kuta zinapasuka. Ndani ya kuta wanatoka watu wafupi, macho ya usaha, mapanga mikononi, waliokuwa wamelala humo miaka yote wakingoja joto. Mjumbe wa kwanza anashusha mguu wake, anapiga hatua moja, na panga linampitia shingoni. Barua inapigwa vipande, vipande vinatafunwa. Wa pili anapasuliwa tumbo. Wa tatu anakatwa mikono na bado anakimbia, barua kaing'ata menoni, wanamfyeka miguu. Beseni la Zaina linapinduka, matunda yanaviringika kwenye damu, na Zaina mwenyewe anafutika kuanzia kichwani kwenda chini kama chaki. Shekiondo anainua rungu. Anampiga mmoja, fuvu linafunguka kama dafu, anampiga mwingine, meno yanaruka, anapiga hadi mkono unakufa ganzi, na kila anayemwangusha wanazaliwa wanne kwenye maji yake. Wanamcheka. Babu piga, wanasema, piga babu, wewe utachoka sisi hatuchoki!

Kitendawili, anasema asiye na uso, naye halowi hata pindo.

Waondoe kwanza hawa mbwa!

Kitendawili.

Tega, mwanaharamu, tega!

Akisimama yu hai, akitembea amekufa.

Shekiondo anahema, damu inamwingia jichoni. Jibu liko mbele yake linachinjwa, hata mtoto angelitaja, lakini moyo wake una jibu moja tu tangu siku ya mazishi. Mkurugenzi, anafoka. Ndiye aliyekunywa dizeli!

Siyo. Nipe mji.

Nakupa Korogwe, chukua, chukua na wakubwa wako.

Hapo hapo anajuta, maana barabara inageuka kuwa wodi ya Korogwe, na Zaina kitandani, jasho usoni, kapakata kichanga chekundu. Mpe jina, baba yake, anasema Zaina. Watu wa mapanga wanaingia kupitia madirisha. Shekiondo anaziba mlango kwa kifua chake, panga linamzama begani hadi mfupani, anamng'ata aliyelishika, anamng'oa sikio, analitema. Wajumbe wanapita katikati ya miguu yake wakipiga kelele Mwanaidi, Mwanaidi, kila barua ina jina hilo, na kila anayelitaja anakatwa ulimi. Kitanda kinazama. Mikono ya Zaina inabaki juu ya maji, inacheza ile ngoma, kisha haichezi.

Kimebaki kimoja, anasema asiye na uso. Na umebaki mji mmoja.

Ng'ambo ya maji kweli umebaki mji mmoja, mdogo, nyumba yenye baraza, Mwanaidi anaosha vikombe. Kikombe kinamponyoka. Kabla hakijafika chini wenye mapanga wamekwisha kuizingira nyumba, wanangoja tu neno.

Mlinzi wangu kaning'oa moyo, ili sanduku lake liimbe.

Kila redio katika kila dirisha inaongeza sauti. Shekiondo anafungua mdomo aseme wakubwa, neno limeshafika kwenye meno, tamu, lilelile la kila siku, na anamwona asiye na uso anainamisha kichwa kungoja, tayari kupokea mji. Analimeza. Panga la kwanza linainuka juu ya kisogo cha binti yake, na kikombe kinapasuka.

Yuko kwenye kiti. Maji ya uvuguvugu yanatambaa chini ya friza namba nne hadi kwenye viatu vyake. Kengele imetundikwa ukutani, kifuniko wazi, tumbo tupu. Redio inasoma vifo. Anaikamata, anazitoa betri, anazirudisha kwenye kengele, na kengele inalia hadi ukuta unatikisika. Mlango unapigwa teke. Ni Daktari Nsia na vijana wawili, magunia ya barafu mabegani, wanamwaga, wanashindilia, wanakimbia kuleta mengine. Nsia amepiga magoti majini, kashika kalamu.

Baba, imelia tangu saa ngapi? Niambie ukweli. Kama ni sasa hivi, mama anasomeka. Kama ni tangu adhuhuri barua zimeliwa, nikizisoma nitasoma uongo, na huo uongo ndio nitakaomtibia Mwanaidi.

Shekiondo anatazama mkono wake. Bega linamuuma hadi mfupani. Juu ya kiti redio iko wazi mgongo, haina betri hata moja, na bado inaongea, polepole, sauti laini kama ganda la yai. Nipe mji, inasema. Anamtazama Nsia amtambue, lakini jua la dirishani limempiga mgongoni na pale penye uso wake hapaonekani kitu.

Baba?

Hajui yuko upande gani wa friza. Anajua tu kwamba miji imekwisha.

Ni mimi, anasema Shekiondo. Betri nilizitoa mimi. Tangu adhuhuri.