Nani Anaifunga Kompyuta ya Mizani?

Verna Pawlyk alikuwa ameshavaa koti lake zito, birika lake la chai mkononi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, baridi ikituingilia sote.

"Funga mlango!" Garth akamfokea. "Kama unaenda, nenda."

"Naenda. Au unataka niruke dirishani?"

Garth Dueck alikuwa meneja wa ghala la nafaka pale Dunmoor, Saskatchewan, na alikuwa ametoka tu kumfukuza Verna kazi mbele ya watu. Mbele yangu mimi, niliyekuwa nachota sampuli za ngano, na mbele ya wakulima waliokuja kila asubuhi kunywa kahawa yetu mbaya na kuwasema wasiokuwapo.

Kisa chenyewe kilikuwa kompyuta ya mizani. Lori likipanda mizani, Verna aliingiza uzito, na uzito ukaenda kwa mtandao hadi makao makuu, Regina. Lakini tangu Jumatatu kompyuta ilikuwa ikijifunga yenyewe katikati ya kazi. Skrini inaingia giza, inadai neno la siri. Ukiliweka, uzito umeshapotea, lori lirudi nyuma lipande upya. Foleni ilifika hadi relini. Madereva wanapiga honi, Garth anatoka kuwatuliza kwa matusi, akirudi anakuta kompyuta imefungwa tena. Akaamua kwamba Verna anaifunga makusudi ili amwaibishe. Nimefanya kazi migodini na kwenye meli za samaki, na mabosi wa namna hiyo nimewakuta kote. Kitu kikiharibika hawatafuti kilichoharibika, wanatafuta mtu.

Pale mlangoni Verna akagongana na fundi aliyetumwa na makao makuu, dada mfupi aitwaye Joelle Fontaine, nyusi zimeganda barafu.

"Wewe ndiye wa mizani?"

"Nilikuwa."

"Basi usiondoke. Imefungwa, na neno la siri unalo wewe."

"Mwambie bwana mkubwa akisie."

Orville Tkach, mkulima ambaye lori lake lilikuwa limekwama juu ya mizani, akaweka kikombe chini. "Verna, mama, tufungulie basi. Ngano yangu itaota humo."

"Ikiota utavuna mara mbili. Shukuru."

Lakini alirudi, kwa ajili ya Orville. Akavua glavu moja, akachapa neno lake, akaenda kusimama mbali karibu na hita.

Garth akaona simu mkononi mwa Joelle. "Simu hazikai humu. Zinabaki garini. Sheria yangu hiyo."

"Na hiyo iliyo mfukoni mwako?"

"Mimi ni meneja."

Joelle akaipeleka simu yake garini, akarudi, akakaa. Kwanza alibadilisha kibodi, huenda kitufe kilinasa. Kisha akaangalia muda wa skrini kuzima, akakuta ni mrefu wa kutosha. Akachukua simu ya mezani akawauliza Regina kama kuna amri inayotoka kwao kuifunga. Hakuna, wakasema, na maghala mengine yote kwenye mtandao uleule yalikuwa yakifanya kazi vizuri. Muda wote huo Garth alisimama nyuma yake akihema kama fahali.

"Unapoteza muda, dada. Tatizo lile pale limevaa koti."

"Tatizo lako utalikuta kwenye kioo ukinyoa ndevu," Verna akajibu.

Honi zikazidi. Garth akatoka, akaubamiza mlango, tukamsikia akimtukana dereva mama yake. Haukupita muda, sote tukitazama, skrini ikaingia giza. Mikono ya Joelle ilikuwa juu ya kikombe cha kahawa. Ya Verna ilikuwa mifukoni.

"Haya, sasa kafunga nani?" Orville akauliza. "Shetani?"

Verna akaifungua. Garth akarudi akipangusa theluji mabegani. Joelle akamtazama usoni, akamtazama mfukoni, kisha akageukia mipangilio ya kompyuta na kusoma taratibu.

"Meneja, nani aliiunganisha mashine hii na simu?"

"Mimi, Ijumaa. Regina wenyewe waliagiza. Kila kompyuta iunganishwe na simu, mtu akiondoka na simu yake ijifunge."

"Simu ya mtu anayeitumia."

"Ya Verna iko garini! Nimeshakwambia sheria. Nikaweka yangu."

Joelle akamwonyesha mlango kwa kidole.

"Toka nje," Joelle akasema.

"Unasemaje?"

"Nenda hadi relini na simu yako."

"Mimi siamrishwi ofisini kwangu na—"

"Nenda, Garth," Orville akasema, "kabla hatujakubeba."

Akatoka. Tulimwona dirishani akikanyaga theluji kwa hasira. Skrini ikaingia giza. Joelle akamwita, akarudi, Verna akafungua tena.

"Toka mara nyingine."

"Nimeshaelewa!"

"Sisi hatujaelewa!" wakulima wakaitikia kwa pamoja.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akatoka tena, shingo nyekundu, na skrini ikafa tena. Joelle akaiondoa simu ile kwenye kompyuta, na lori la Orville likapimwa mara moja tu.

Garth akarudi akivuta kamasi. "Haya, Verna. Vua koti. Malori yanangoja."

"Ulinifukuza kwa sauti. Niombe radhi kwa sauti hiyohiyo."

"Ungeniambia kwamba inajifunga nikitoka."

"Niliajiriwa kupima malori, sikuajiriwa kupima nyayo zako."

"Siombi radhi kwa sababu ya mashine."

"Mashine haikuniita mhujumu. Wewe uliniita."

Sote tukamtazama Garth. Alikuwa na nafasi. Akajimiminia kahawa. "Anayetaka kazi akae, asiyetaka asinipotezee muda."

Verna akavaa glavu yake, akaondoka.

Alipata kazi kwenye ghala la ng'ambo ya reli, kazi ileile ya mizani. Orville alimfuata na ngano yake. Wakulima wengi walibaki kwa sababu kwetu kulikuwa karibu zaidi. Garth alikaa mizanini mwenyewe hadi Regina walipomletea kijana, na baadaye akastaafu, wakamkatia keki. Joelle alihamia Winnipeg. Mimi theluji ilipoyeyuka nilipanda basi la kwenda magharibi.