Mshtakiwa wa Homa

Homa ilipopanda, dari ya chumba chetu pale Burj Hammud, mtaa wa Waarmenia, ilianza kupumua. Nilikuwa nimelala chali, magoti juu, tumbo gumu kama ubao, na nyundo za mafundi viatu wa ghorofa ya chini zilinijia taratibu, kana kwamba wanagonga misumari chini ya maji. Mama aliingia na chupa ya maji ya moto, akaniwekea ubavuni. Ilikuwa siku ya kwanza kati ya tatu. Homa ya ukoo wetu huchukua siku tatu.

"Umeoga maji baridi," Mama akasema.

"Sijaoga kabisa, Mama."

"Basi ndiyo hiyo!"

Kwetu kila homa ilikuwa na mshtakiwa wake. Bibi, aliyeturithisha, aliushtaki upepo wa baharini. Shangazi Zabel alilishtaki jicho la majirani. Madaktari walishatuambia kwamba homa hii imo damuni, kwamba Waarmenia wengi wanayo, na kwamba ukimeza vidonge vyako kila siku inakutembelea kwa nadra. Vidonge tulivimeza, na kushtaki hatukuacha. Mimi, nilipofika miaka thelathini, nilimshtaki Talar.

Sikulifikia wazo hilo peke yangu. Nilikuwa nimempelekea siri yangu, kwamba nampenda Talar, mshauri mmoja mwenye sauti laini na ofisi iliyonukia maji ya waridi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwili wako unapiga kelele kwa sababu ya huyo mwanamke mwenzako. Mwache, nao utanyamaza." Nilikuwa nimechoka kuumwa, nikamwamini. Nilimfuata Talar kwenye karakana ya viatu alikofanya kazi, gundi ya viatu haijamkauka vidoleni, nikamwambia kwamba yeye ndiye anayeniumiza. Nalionea haya neno hilo hadi leo.

Zikapita siku arobaini na moja bila homa. Nilitembea mitaani mwepesi, mpweke, najisifu kwamba nimepona. Siku ya arobaini na mbili nilianguka kwenye ngazi za kanisa, na waumini wakanibeba hadi nyumbani.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenipa jina la Ghinwa. Ghinwa naye alikuwa mshauri, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la mapazia. Siku ya kwanza sikuweza kukaa kitini. Akaishusha mito yote ya kochi sakafuni, akaketi chini karibu nami.

"Lala tu, habibti. Maneno yanatoka hata ukiwa umelala."

Umeme ukakatika. Mwanga wa mchana ulipita kwenye mapazia ya dukani na kupanda hadi kwetu ukiwa wa rangi rangi, nami nikamweleza yote. Hakuandika kitu.

"Bibi yako alikuwa na homa hiyohiyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na yeye alimpenda nani?"

"Babu."

"Walifunga ndoa?"

"Kanisani, mbele ya maaskofu wawili."

"Na homa ikaja?"

"Kila mwezi."

Tukatazamana. Kicheko kilinitoka kwa nguvu hadi nikashika tumbo, kisha kikageuka kilio, na Ghinwa akaniacha nilie.

"Aliyekutilia homa na mapenzi kapu moja alikukosea," alisema baadaye. "Homa ni ugonjwa, tuihangaikie. Kumpenda Talar si ugonjwa. Sasa niambie, homa ijayo ungependa nani awe kando yako?"

Nilikwenda kwake kila Jumanne, miezi mitano, na swali hilo sikulijibu. Nililijibu siku ile dari ilipopumua. Mama alipotoka kwenda jikoni, nilivuta simu kutoka chini ya mto.

"Homa imekuja," nikasema.

Talar aliacha kugonga kiatu. "Na safari hii nimeileta vipi?"

"Hujaileta. Hukuwahi kuileta. Nilikukosea, Talar."

"Ulinikosea sana."

"Najua. Njoo, tafadhali. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane hapa."

Sijui nilielea kwa muda gani. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake ya kazi, na Mama alikuwa kati yetu, mwiko mkononi. Alimjua Talar kama rafiki yangu wa zamani. Alimtazama, akanitazama mimi, na nadhani alikwisha kuona.

"Huyu ni nani kwako, Arpine?"

Ningeweza kusema rafiki. Homa ingenisitiri.

"Ndiye ninayempenda, Mama. Nataka awe hapa ninapoumwa."

 Mama alirudi jikoni, na tulisikia sufuria ikigongwa na mfuniko ukianguka. Talar hakuthubutu kukaa. Nilijua kwamba nikimpoteza Mama siku ile sitampata tena.

Akarudi na macho mekundu.

"Ubavu wa kushoto usiuguse mpaka kesho," akamwambia Talar, bila kumtazama. "Akiomba supu usimpe, anadanganya, atatapika. Maji, kijiko kijiko. Na usimwache ajifunue."

"Sawa, Bi Siranush."

"Osha mikono kwanza. Unanuka gundi."

Kisha Mama akavua aproni, akaitundika mlangoni, akaenda chumbani kwake kulala. Ilikuwa saa tisa mchana. Katika homa zangu zote, tangu nikiwa na miaka minne, sikuwahi kumwona akilala.